Mtoto ana miaka miwili haongei, nani kakwambia usubiri? Maswali na majibu kuhusu usonji

Nahudumia watoto kliniki, na wazazi wakikaa tu swali langu la kwanza ni mlianza kuona lini. Mama anajibu "alipokuwa na mwaka na nusu hivi". Nikifungua kadi ya mtoto nakuta ana miaka mitano. Hiyo miaka mitatu na nusu yote walikuwa wanasubiri aongee. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuiona hiyo kadi.

Usonji ni nini kwani?

Ni ubongo wa mtoto kukua kwa namna tofauti, na inaonekana kwenye mawasiliano, kucheza na watu, na tabia za kurudiarudia. Hauambukizi. Kuna kipindi hata madaktari wa Marekani na Ulaya waliwatupia mama lawama kwamba hawakuwapenda watoto wao, baadaye ikaonekana ni uongo mtupu, ila huku kwetu mawifi bado wanaendelea nayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, kwa hiyo hapo mtaani kwenu wapo.

Niangalie nini kwa mtoto mdogo?

Mwaka mmoja umefika ukimwita jina hageuki, ila akisikia pakiti ya biskuti inafunguliwa anakuja mbio. Hapungi mkono kwaheri. Miezi 18 haoneshi kitu kwa kidole ili na wewe ukione, akitaka maji anakushika mkono wako anaupeleka kwenye ndoo bila hata kukutazama usoni. Miaka miwili hajaunganisha maneno mawili kama "mama njoo". Na hii ishike sana, mtoto aliyekuwa na maneno yake halafu yakapotea, huyo mlete wiki hii hii, awe na umri wowote.

Bibi yake anasema baba mtu naye alichelewa kuongea. Si nisubiri kidogo?

Usisubiri. Namheshimu bibi, na kweli wapo watoto wanaochelewa halafu wanafunguka wenyewe, ila kwa kumtazama tu wewe huwezi kujua wako ni yupi. Ukimleta akakutwa mzima umepoteza nauli na asubuhi moja. Ukisubiri akakutwa na usonji, umepoteza miaka ambayo ubongo wake unajifunza haraka kuliko wakati wowote.

Lakini ni mvulana, wavulana si huwa wanachelewa?

Usisubiri!! Usonji unagundulika zaidi kwa wavulana, kwa hiyo uvulana ndo sababu ya kuwahi. Na wa kike nao wapo, wanachelewa kugundulika kwa vile wanaitwa wapole.

Tulimkata kimeo, mwingine katuambia tumkate chini ya ulimi…

Hapana jamani. Kukata kimeo hakumpi mtoto lugha, kunampa kidonda, damu na maambukizi. Dawa za kunywa za "kufungua ulimi" hapana, ile ya jiki inayouzwa mtandaoni eti inaondoa usonji ni sumu. Kuomba ombeni, mimi pia naomba, ila msimfungie ndani na msimchape "pepo litoke". Kila mwezi wa kuzunguka kwa mganga ni mwezi mwingine wa kusubiri.

Chanjo ya surua je?

Haileti usonji. Maneno hayo yalienea na utafiti wa daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, wa mwaka 1998 uliokuwa na watoto 12 tu, jarida lenyewe likaufuta mwaka 2010. Mwaka 2019 Denmark wakatoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000, uhusiano hakuna. Surua inaua, mpeleke achanjwe.

Kwani kuna dawa ya kuponya?

Ya kuponya usonji hakuna, anayekuuzia ni tapeli. Kuna kazi ya kufanya, na sehemu kubwa unaifanya wewe nyumbani. Uingereza walichukua watoto 152 wa miaka miwili hadi minne, nusu yao wazazi wakarekodiwa wakicheza nao halafu wakaoneshwa video ili wajue mtoto alijaribu kuwasiliana wapi wakampita. Miaka kama sita baadaye, kundi hilo wenye dalili kali walikuwa 46 kati ya kila 100, ile nusu nyingine walikuwa 63. Australia walianza hata kabla ya jibu la daktari, watoto wa miezi 9 hadi 14 wenye dalili za mwanzo, walipofika miaka mitatu waliofanyiwa hivyo 3 kati ya 45 ndo walikutwa na usonji, wasiofanyiwa 9 kati ya 44. Ni utafiti mdogo, ila unaona kwa nini nakazana kusema wahi.

Kuna mama namkumbuka, mtoto wake alikuwa anazungusha mfuniko wa sufuria tu kutwa nzima na yeye anamnyang'anya. Nikamwambia chukua wa kwako, kaa chini kwenye mkeka mbele yake, zungusha naye, usiongee sana. Siku ya tatu mtoto akasimamisha wake akatazama wa mama, halafu akamtazama mama usoni. Mama akasema "tena?" akasubiri, mtoto akamsogezea mfuniko. Hayo tayari ni mazungumzo. Dakika kumi, mara mbili tatu kwa siku, simu na TV vimezimwa. Simu haileti usonji, ila mtoto anayekaa na katuni masaa manne hana wa kumjibu.

Nikija nije na nini?

Kadi ya kliniki, na video fupi mbili tatu za mtoto akicheza na akiitwa jina, maana hapa atalia tu. Omba apimwe masikio pia. Kama kituo chako hawana mtaalamu omba rufaa, na ukiambiwa "mama subiri afike miaka mitatu", omba rufaa tena, na mfuniko anza nao leo jioni.