"Si ploti inagusa lami?" Dhana potofu kuhusu barabara kwa wanaojenga pembezoni mwa Nakuru

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, mashamba ya Kiamunyi, Ngata na Lanet yanazidi kukatwa ploti. Mteja wa siku hizi haleti mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu na banda la kuku. Analeta ghorofa tano: supamaketi na maduka chini, kliniki na saluni juu yake, halafu nyumba za kupanga hadi kwenye paa. Ukimwuliza magari yatapitia wapi, anakutazama kana kwamba umemwuliza jua huchomozea upande gani. "Si ploti inagusa lami?" Jibu hilo tumelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo tuanze nalo.

"Ploti inagusa lami, geti nitafungua nitakapo"

Haigusi lami. Kinachogusa mpaka wako ni hifadhi ya barabara, ardhi ya umma iliyoachwa kwa ajili ya mitaro, wanaotembea kwa miguu, mabomba, nguzo na upanuzi wa baadaye. Kwenye barabara kuu kama A8, ile inayotoka Nairobi na kupita Nakuru, hifadhi hiyo mara nyingi ina upana wa mita 60, ilhali lami ya njia mbili pamoja na mabega yake huchukua kama mita 11 tu. Zinazobaki si zako, hata kama umezilima viazi tangu enzi za Moi.

Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka anayetengeneza njia ya kuingia au kutoka kwenye barabara ya umma apate kwanza kibali cha maandishi cha mamlaka inayoisimamia. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Nyingine zinashughulikiwa na KURA (za mijini) au KeRRA (za vijijini), na zilizosalia ni za kaunti. Ploti ya kona inaweza kupakana na barabara mbili zenye wenyewe wawili. Kwa hiyo kabla ya kumlipa msanifu majengo hata shilingi, uliza barabara hii ni ya nani.

Mamlaka ikikataa, wateja husema wametakiwa kitu kidogo. Pengine, lakini kwanza piga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, dereva akichukua sekunde mbili na nusu kuona hatari na kukanyaga breki, husimama baada ya mita 65 hivi. Kwa kilomita 80 zinakuwa karibu mita 130, na kwa 100 zinapita 180. Huo ndio umbali ambao anayekuja anapaswa kuuona mlango wako bila kukingwa na kona, mwinuko, kibanda wala bango. Nenda mahali unapotaka geti, chuchumaa jicho lifikie kimo cha dereva aliyeketi, kama mita moja na kidogo, kisha upime pande zote mbili. Ploti iliyo mara tu baada ya kona au kileleni mwa mpando hushindwa hapo hapo, na hakuna mchoro wa kuiokoa.

Kisha kuna kupinda kulia. Makutano ya T yanayoruhusu kila mwelekeo yana sehemu 9 ambapo njia za magari hukatana, huungana au huachana. Mlango wa kuingia kwa kushoto na kutoka kwa kushoto pekee una 2. Ndiyo maana kibali kikitoka huja mara nyingi na sharti hilo, na ndipo mteja huja juu: mbona wateja wake wanatoka upande wa pili? Alipaswa kuliuliza hilo siku ya kununua. Ploti iliyo mkono wa kushoto ukitoka mjini, watu huingia bila shida jioni, ila asubuhi wanakata barabara nzima kwenda kazini. Iliyo mkono wa kulia, shida inahamia jioni. Supamaketi inauza zaidi jioni watu wakirudi nyumbani, kwa hiyo upande wa kushoto ndio unaoifaa. Broka anayeuza ploti za pande zote mbili kwa bei moja hajui anachouza, au anajua sana.

Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, umeongeza uzito wa jambo hili kwa kila aliye kando ya A8, Lanet na Ngata zikiwemo. Barabara ikishawekewa kizuizi katikati, kupinda kulia kunakwisha. Anayetaka upande wa pili ataendelea hadi mahali pa kugeuzia, kisha arudi, na kwa mkate na maziwa hatarudi. Tena hii imepangwa kuwa barabara ya kulipia, na barabara ya kulipia haivumilii milango mingi. Ukichora jengo leo kwa kuangalia lami iliyopo leo, unajengea barabara ambayo haitakuwepo.

Tazama pia upana wa ploti yenyewe. Ile ya futi 50 kwa 100 ina uso wa mita 15. Njia ya kupunguzia mwendo, inayomtoa anayepinda kwenye mkondo wa magari kabla hajashika breki, inaweza kula mita 60 au zaidi kulingana na mwendo wa barabara. Ploti moja haiitoshi; zinahitajika nne bega kwa bega. Hapa ndipo ushauri wangu huwa uleule, na hata mimi umenichosha kuutoa: zungumza na majirani kabla ya kuzungumza na mkandarasi. Ploti nne zikiacha mita 9 mbele ziwe barabara ya huduma, yaani njia ndogo ya pamoja sambamba na barabara kuu, zinatoka kwa mlango mmoja uliochorwa vizuri, na gharama ya lami, kalvati na alama inagawanywa kwa nne. Najua mita 9 kati ya 30 zinauma. Lakini sehemu kubwa ya hizo ungeiacha wazi vilevile kwa sababu ya maegesho na mstari wa kujengea, ule ambao jengo haliruhusiwi kuuvuka kuelekea barabarani. Muhimu ni kuandika makubaliano hayo na kuyasajili kwenye hati zote nne, kwa sababu jirani mwema leo anaweza kuuza kesho, na mnunuzi akaja na fensi.

Kama ploti ina barabara ya pembeni, hata ya murramu, weka geti huko, mbali na makutano kadiri ploti inavyoruhusu. Watu hutaka geti litazame barabara kuu kwa ajili ya sura. Bango litazame barabara kuu, geti likae pembeni.

Na geti lisibandikwe mpakani. Mlinzi akichukua sekunde 30 kuandika namba ya gari na kitambulisho, anapitisha magari 120 kwa saa. Jioni yakija 150 ndani ya saa moja, 30 yatakuwa bado nje saa ikiisha, na kila gari kwenye foleni hula mita 6 hadi 7. Hiyo ni foleni ya karibu mita 200 juu ya barabara ya watu. Ingiza geti ndani mita 25 au 30, weka njia mbili za kuingilia, wape wakazi kadi, daftari libaki la wageni.

Mlango wako pia unavuka mtaro wa barabara. Fundi ataweka bomba la inchi 12 kwa sababu ndilo alilonalo. Mwambie aweke la milimita 600, lenye mteremko wa angalau asilimia 1 na ukuta wa zege kila mwisho. Udongo wetu wa majivu ya volkano husombwa kirahisi, na bomba jembamba hujaa mchanga katika msimu mmoja wa mvua. Maji yakikosa pa kupita yanapanda juu ya lami, na barua itakuja kwako.

Kwenye maombi peleka nakala ya hati miliki na upekuzi wa karibuni (search ya ofisi ya ardhi), ramani ya usajili inayoonyesha ploti na barabara, vipimo vya eneo pamoja na vimo vya ardhi, mchoro wa mlango unaoonyesha umbali hadi milango jirani ya pande zote mbili, na hesabu ya magari. Hesabu ifanywe Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi saa 12 hadi saa 3 na jioni saa 10 hadi saa 1. Kama kuna siku ya soko karibu, ihesabu peke yake. Hesabu ya Jumapili mchana haimdanganyi mhandisi yeyote.

"Kaunti imeshapitisha ramani"

Kibali cha kaunti cha kuendeleza ardhi ni kimoja, cha kuingia barabarani ni kingine, na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ni ya tatu. Hakuna kinachomeza mwenzake. Watu hupenda kunukuu Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kwamba siku 60 zikipita bila jibu la maandishi ombi huhesabiwa limekubaliwa. Kipengele hicho kinahusu ombi lililoko kaunti. Ukimya wa KeNHA ni ukimya tu.

"Wapangaji wangu hawana magari"

Huenda ni kweli, wengi watapanda bodaboda na matatu. Basi bodaboda zitasimama wapi? Usipozitengea mahali ndani ya ploti zitajitengea mdomoni mwa geti, na matatu zitashusha abiria hapo hapo. Na mpangaji asiye na gari bado analetewa gesi, fanicha na maji ya boza siku mfereji ukikauka. Supamaketi inaletewa bidhaa kwa lori. Pasipo na bomba la majitaka, gari la kunyonya maji machafu litakuja, likiwa limejaa litatoka zito kuliko lilivyoingia. Lori lina upana wa mita 2.5 bila vioo. Barabara ya mita 6 ukiitolea mtaro na nguzo za umeme hubaki mita 4, na malori mawili yakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kwa matumizi mchanganyiko mimi siandiki chini ya mita 9, na ploti zikiongezeka napanda hadi 12 na 15. Mizigo ipokelewe nyuma, na lori liweze kugeuka ndani. Lori linalotoka kinyumenyume hadi barabarani ni ajali inayosubiri siku.

"Broka alinionyesha barabara kwenye ramani"

Karatasi ya broka ina rangi nzuri, miti na hata bwawa la kuogelea. Barabara ni ile iliyopimwa na kuingizwa kwenye ramani ya usajili. Mlipe mpima ardhi afukue bikoni, zile alama za mpaka zilizozikwa, na kupima upana halisi, maana fensi za majirani husogea usiku. Ukikuta umezingirwa kabisa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inakuruhusu kuomba mahakama ikupe njia, ila hiyo ni safari ndefu na mkopo wa benki haukungoji.

"Mbele ya jengo ni parking yangu"

Ukipanga kabro na maua kwenye hifadhi ya barabara, siku ya upanuzi yanang'olewa bila fidia. Kibaya zaidi ni kwamba maegesho hayo ndiyo uliyohesabu ili jengo lipitishwe. Yakiondoka, jengo halina maegesho hata moja.

"Barabara ikipanuliwa foleni itaisha"

Itapungua kwa muda. Kisha ploti zilizokuwa mbali zitaonekana karibu, zitajengwa, na wakazi wake wataijaza. Kinachorefusha maisha ya barabara kuu ni wingi wa barabara za ndani zinazounganisha mtaa na mtaa, ili anayetoka Kiamunyi kwenda kwa fundi wa jirani asilazimike kuingia barabara kuu. Kila mradi unaojifunga kwa ukuta na geti moja huua kiungo kimoja.

"Mwaga murramu, kaunti itamalizia"

Barabara ya ndani ya mradi ni jukumu la mwenye mradi hadi itakapokabidhiwa na kupokewa rasmi. Kaunti haipokei vumbi. Udongo wa huku ukikauka ni unga, ukilowa unalegea, kwa hiyo murramu iliyomwagwa juu yake bila maandalizi huzama. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, shindilia wa chini ukiwa na unyevu wa kutosha, kisha weka murramu kwa tabaka la milimita 150 baada ya kushindiliwa, si kabla. Mgongo wa barabara uinuke asilimia 4 hadi 6 ili maji yakimbilie kando, na mitaro ichimbwe kabla ya murramu kufika, kwa sababu ikichimbwa baadaye tingatinga litakata ukingo uliokwisha kushindiliwa. Maji ya mtaro yawe na mahali halali pa kuishia. Kuyaelekeza kwa jirani wa chini ni kesi. Upande wa magharibi wa Nakuru una mipasuko ya ardhini inayofunguka baada ya mvua kubwa, kwa hiyo huko itembee njia nzima baada ya masika kabla ya kuagiza lami au kabro. Ukiona mstari wa ardhi iliyodidimia, mwite mwanajiolojia. Usiufukie kwa mawe ya machimbo, kwani mvua inayofuata itayameza.