Hati ya 1518 haina mchoro wa batiki

Nimekiona tena, safari hii dukani Bandung, Indonesia: kibandiko kinachodai "nakshi halisi ya batiki ya Kisunda ya mwaka 1518", yaani ya Wasunda wa Java Magharibi. Jamani, halisi kwa ushahidi gani?

Sanghyang Siksa Kandang Karesian, hati ya Kisunda ya mwaka 1440 wa kalenda ya Saka, ndio huo 1518, iliyoko Maktaba ya Taifa, Jakarta, haituachii mchoro hata mmoja wa kunakili. Ina majina tu. Tena majina yenyewe yako katika orodha mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Moja ni ya michoro: kembang tarate, ua la yungiyungi, na mengineyo. Ukitaka kuijua, hati inasema, kamuulize mchoraji. Nyingine ni ya vitambaa: kembang muncang, poleng rengganis, hujan riris na vingine tele. Hapo unaelekezwa kwa mfumaji. Mfumaji, si mtu wa batiki anayechora kwa nta! Mwandishi aliwaachia mafundi maelezo yote, nao wameshakwenda nayo.

Kwa hiyo mimi ninapochora hujan riris kwa nta, ninabuni. Jina ni la manyunyu, basi wengi hukimbilia Udan Liris ya makasri ya Java ya Kati, ile ya mistari ya mshazari iliyojaa nakshi ndogondogo, wakaiita ya Kisunda. Hapo ndipo presha inanipanda. Nguo ya kufuma hufuata mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, na mviringo huitaabisha. Canting, kile kikalamu cha nta, humwaga nta popote mkono unapokwenda. Nami najifunga makusudi: vistari vifupi vilivyonyooka, vinavyoshuka na uzi, bila wingu wala jani. Kutia rangi ya nili na kuchemsha nta itoke ni kazi ya kila siku, sitawachosha.

Je, mfumaji wa zama zile angeitambua hujan riris yangu? Sidhani. Pengine jina lilihusu rangi ya uzi tu, au wepesi wa kitambaa. Neno poleng, la poleng rengganis, hunipa moyo kidogo, maana hadi leo ni miraba.

Hata orodha ya mchoraji ina utata: haisemi alichora juu ya nguo, mbao au ukuta. Wanaoifanya ushahidi wa batiki ya kale huliruka swali hilo upesi mno, na baadhi yao ni maprofesa.