Jirani Kauza Milioni 160, Yangu Itapunguaje?

Kauli hiyo nimeisikia tena mwezi uliopita kule Goba, Dar es Salaam, kabla hata sijatoa futi kamba kwenye begi. Mama mwenye nyumba alinikaribisha kiti barazani, akanyoosha kidole kwenye geti jeusi la jirani. "Mwanangu, ile pale imeuzwa milioni 160, na haina hata dari ya jipsamu. Wewe andika tu mia na sitini." Mimi ni mthamini, kazi yangu ni kukadiria thamani ya nyumba na viwanja, na wiki haipiti bila mtu kuniambia hivyo. Inachosha, maana watu wanakaa na nyumba sokoni miaka kwa sababu ya namba moja waliyoisikia mtaani.

Bei ya jirani ni ushahidi, sikatai. Nyumba ya kuishi tunaanza nayo kwa njia ya ulinganisho, yaani tunatazama zinazofanana nayo zimeuzwa bei gani. Ila kulinganisha siyo kunakili. Ile ya geti jeusi imekaa kwenye mita za mraba 1,200, ina hati ya kumiliki ardhi, na gari linaingia moja kwa moja kutoka barabarani. Ya mama ni mita 500, karatasi yake ni ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na nyuma kiwanja kinashuka korongoni. Tukapiga hesabu pamoja. Jengo la jirani, ukiondoa uchakavu, nililikadiria milioni 88. Inabaki 72 ya ardhi. Gawanya kwa 1,200, unapata shilingi 60,000 kwa mita. Kwa bei hiyohiyo ardhi ya mama ni milioni 30. Jengo lake ni dogo ila jipya, nikalikadiria milioni 75. Jumla 105, na hapo bado sijagusa hati wala korongo. Akaniuliza korongo lina ubaya gani, mbona hajawahi kuliwazia. Mnunuzi ataliwazia siku ya kwanza: anaona ukuta wa kuzuia udongo ambao itabidi aujenge yeye, na anaupunguza kwenye bei yako.

Halafu hiyo 160 yenyewe, nani kaiona? Muuzaji akisimulia huongeza. Dalali hutaja aliyotangaza, siyo waliyokubaliana. Mkataba nao mara nyingine umeandikwa pungufu kukwepa kodi. Na kuna aliyemuuzia mdogo wake, kuna aliyeuza haraka mgonjwa akiwa wodini, kuna aliyelipwa kwa awamu miaka miwili. Zote hizo mtaani zinaitwa "bei ya Goba". Wateja wangu nawaambia: niletee mauzo matatu, ya mwaka huu au uliopita, na ukubwa wa kila kiwanja. Bila ukubwa wa kiwanja hujaniletea kitu.

Ziko na kauli nyingine ninazozisikia kila mara. "Nimejengea milioni 200, siuzi chini ya hapo." Gharama zako ni zako. Ghorofa lenye marumaru za bei mbaya kwenye mtaa ambao mvua ikinyesha gari halifiki, mnunuzi hakurudishii marumaru.

"Benki imeandika ndogo, mthamini kanipunja." Soma ripoti mpaka mwisho. Ndani yake mna thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo huwa ndogo, na benki inatazama zaidi hiyo ya pili kwa sababu ndiyo itakayoiokoa ukishindwa kulipa mkopo.

"Kodi ya jengo tunalipa sawa, basi thamani ni sawa." Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme, kwa kiwango maalumu. Haijui una mita ngapi wala kama una hati.

"Dalali anajua bei kuliko mthamini." Dalali anajua mengi, na mimi mwenyewe huwauliza. Lakini analipwa nyumba ikiuzwa, na chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, ripoti ya uthamini inasainiwa na mthamini aliyesajiliwa.

Tulipomaliza, mama akaniambia ana akiba ya kupaka rangi upya kabla ya kutangaza. Nikamsihi aiache rangi, pesa hiyo aanzie upimaji na hati. Nyumba isiyo na hati inasubiri mwenye taslimu. Yenye hati hata anayekopa benki anaweza kuinunua. Akamwita mwanawe, wakatafuta namba ya mpima ardhi nikiwa bado nakunja futi kamba.