Nyimbo za utani si kazi ya mchana mmoja

Nimeambiwa tena wiki hii, safari hii na mfadhili mwenyewe: "Si nyimbo za kuchekesha tu? Mtamaliza leo leo." Albamu ninayorekodi ni ya bendi ya vijana wa hapa Iringa: ligombo (zeze la Wahehe lenye nyuzi juu ya ubao), ilimba (kinanda cha vidole gumba cha Wagogo), ngoma mbili, gitaa la besi. Wanaimba vijembe vya mashemeji, wanaimba mlevi anayebishana na mbuzi wake. Na watu wanaamini kwamba wimbo wa huzuni ndio unaotaka fundi, wa kicheko unajiendea wenyewe.

Ni kinyume kabisa. Maombolezo yakichelewa kidogo, msikilizaji bado analia. Kijembe kikichelewa kimekufa.

Shida inaanzia kwenye kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo ambao wanamuziki husikiliza masikioni wakati wa kurekodi. Kiongozi anatupa kijembe, ananyamaza, waitikiaji wanadaka. Kile kimya ndicho utani wenyewe, na hakilingani ubeti kwa ubeti, maana kiongozi anawatazama wenzake usoni na kuwaachilia pale anapoona wameiva. Wafunge kwenye kliki, kila jibu liangukie palepale, na kufika ubeti wa tatu sikio limeshajua. Nani atacheka? Kwa hiyo narekodi wote chumba kimoja, bila kliki, na nakubali ngoma ivuje kwenye maikrofoni ya sauti. Gharama yake ni kwamba siwezi kurekebisha neno moja bila kugusa pigo. Teki, yaani rekodi ya wimbo mzima kwa mara moja, iwe nzuri yote, au turudie yote. Siku zinaishia hapo. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa asili, alipokuja Tanganyika mwaka 1950, akarekodi pia ligombo la Wahehe, alizoea kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kumfuata mpigaji. Hakuwa na cha kutenganisha baadaye. Ilibidi asikilize palepale.

Halafu wananiambia ilimba "haiko kwenye tuni". Jamani! Ilimba ya Kigogo inafuata mfululizo wa sauti za asili, zile zinazojitokeza zenyewe juu ya sauti moja ya msingi, kuanzia ya nne hadi ya tisa hivi, na ile ya saba inakaa chini ya noti ya piano kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ukiweka kinanda chini yake lazima vigombane, na mgeni pale ni kinanda. Ule mkwaruzo nao unatoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu, umewekwa makusudi. Anayeukata kwenye miksi akidhani ni kelele ameondoa nusu ya chombo.

Kuhusu mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti ya albamu, sina la kusema, isipokuwa msibane sauti mpaka kunong'ona na kupiga kelele kulingane.

Wimbo uliotuchukua muda kuliko yote ni wa kuwatania Wangoni. Utani wa Wahehe na Wangoni umetokana na vita vya karne ya 19, na una masharti: mtani awepo, naye ajibu. Tulishauriwa tutumie waitikiaji wa studio, eti sauti zao ni safi zaidi. Lakini Wahehe wakimsema Mngoni asiyekuwepo, hayo ni matusi yenye ngoma. Tukamngoja Mngoni wa kweli, akaja na majibu makali kuliko tuliyoandika, ikabidi kiongozi abadilishe beti zake.

Ambalo sijalipatia kanuni ni kicheko. Katika teki bora ya wimbo huo, mpiga besi anaangua kicheko cha kweli katikati ya jibu. Ukisikia mara ya kwanza unacheka naye. Ukirudia mara kumi kinaanza kukera, na albamu ni kitu cha kurudiwa. Nikikitoa, jibu la Mngoni linabaki kavu, kama lilisomwa. Kiongozi anataka kibaki, mpiga besi mwenyewe anataka kitoke, nami naegemea upande wa kiongozi, ingawa si kwa uhakika ninaoutaka. Nimeshamwandikia mfadhili kuomba siku zaidi, na nimemtumia matoleo yote mawili ayasikilize kwanza.