Jinsi Bakteria wa Utumbo Mpana Wanavyovunja Nyuzinyuzi za Chakula

Nyuzinyuzi za chakula ni zile sehemu za mimea, nyingi zikiwa kabohaidreti, yaani minyororo ya sukari ya aina mbalimbali, ambazo vimeng'enya vya mwili wa binadamu haviwezi kuzisaga, hivyo hulipita tumbo na utumbo mwembamba zikiwa karibu kama zilivyoliwa. Wengi huzieleza kuwa ni makapi ya kusukuma choo. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi haitoki nje hata kidogo: huliwa na bakteria wa utumbo mpana, na wanachokitoa baada ya kula hutumiwa na mwili wenyewe.

Tuchukue mlo wa kawaida wa Tanga, bada na mbaazi za nazi. Wanga wa muhogo na selulosi iliyo katika ganda la mbaazi vyote viwili ni minyororo ya glukosi, aina ya sukari, ila glukosi hizo zimeunganishwa kwa vifungo tofauti. Vifungo vya wanga hukatwa na amilesi, kimeng'enya kinachopatikana katika mate na katika majimaji ya kongosho, lakini vile vya selulosi vimeelekea upande mwingine na binadamu hana cha kuvikatia. Jeni zetu hutengeneza vimeng'enya visivyofika 20 vya kukata kabohaidreti za chakula, ilhali bakteria mmoja tu wa utumbo mpana, Bacteroides thetaiotaomicron, ambaye jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, ilichapishwa mwaka 2003, ana zaidi ya 200. Mtu akila chungwa la Muheza pamoja na utando wake mweupe, pektini iliyomo, aina nyingine ya nyuzinyuzi, humfikia bakteria huyu ikiwa nzima; naye huinasa kwa protini zilizo juu ya ngozi yake, akaikata vipande, kisha akaviingiza ndani na kuvimalizia humo, wasije majirani wakavidaka.

Huko chini hakuna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo sukari iliyopatikana haichomwi hadi mwisho bali huchachushwa na kuacha asidi. Katika mkoa huuhuu, kwenye mtambo wa gesi kama ule uliojengwa Hale kwa ajili ya mabaki ya mkonge, vijidudu visivyohitaji oksijeni huvunja nyuzi za mmea kwa hatua zinazofanana sana na hizi, isipokuwa kwamba mtambo huachwa ugeuze asidi hizo kuwa gesi ya methani, ilhali utumbo wetu huwahi kuzifyonza asidi hizo.

Asidi zenyewe ni za mnyororo mfupi, na kubwa ni tatu: asetati, propionati na butirati, ambazo kwa kawaida hukadiriwa kuwa katika uwiano wa 60, 20 na 20 kwa mia. Asetati huingia kwenye damu na kutumiwa na misuli na viungo vingine, na propionati huishia zaidi kwenye ini. Butirati ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu seli za ukuta wa utumbo mpana hupata kwayo takriban asilimia 70 ya nishati yao; yaani ukuta huo hulishwa zaidi na bakteria kuliko na damu. Katika majaribio ya panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria waligeukia ute unaoukinga ukuta na kuanza kuula.

Kazi hii haifanywi na bakteria wa aina moja. Bakteria aitwaye Ruminococcus bromii hufungua wanga sugu, yaani ule unaoponyoka amilesi na kufika utumbo mpana, na vipande anavyoviacha huokotwa na wengine, wakiwamo wanaotengeneza butirati. Haidrojeni inayotoka humo hugeuzwa methani na vijidudu vingine, au huingia kwenye damu na kutolewa kwa pumzi, na ndiyo maana madaktari huweza kuipima mdomoni. Gesi inayowasumbua watu baada ya kula mbaazi au maharage hutokana na sukari za jamii ya rafinosi, ambazo nazo hatuna kimeng'enya chake. Kuloweka na kumwaga maji huzipunguza, jambo ambalo wapishi wetu walilijua bila kuhitaji maabara.

Si kila kitu huvunjika. Lignini, ile inayofanya mmea uwe mgumu, hutoka kama ilivyoingia, na selulosi huvunjwa kwa kiasi tu, ndiyo maana pumba za dona huongeza choo kuliko pektini. Kwa upande mwingine, wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya na sehemu yake hugeuka kuwa sugu, hata ukipashwa moto tena. Kiporo cha wali cha asubuhi, alimradi kilipozwa mapema na kuhifadhiwa mahali pa baridi, huwafikishia bakteria wanga mwingi kidogo kuliko wali uliotoka jikoni muda huohuo.