Bitahoni: mtoto aliyeachishwa ziwa

Nafundisha Kiebrania cha Maandiko, na neno linalotuchukulia muda mrefu kuliko yote darasani ni bitahoni. Wanafunzi hulitafsiri "imani". Lakini imani Kiebrania chake ni emuna: kukubali kwamba Mungu yupo na ndiye aendeshaye ulimwengu. Bitahoni ni kumwegemea. Mtu anaweza kuwa na emuna tele na bado akakesha kwa hofu ya kesho.

Sisi tusemao Kiswahili neno lake tunalo: tawakali. Ndilo hasa alilotumia Bahya ibn Paquda, hakimu wa Kiyahudi wa Hispania ya karne ya 11. Kitabu chake kuhusu faradhi za moyo alikiandika kwa Kiarabu cha Wayahudi wa zama zake, na mlango wa nne wote ni wa tawakali. Wasomaji wengi walikipata baadaye kwa Kiebrania, katika tafsiri ya Yehuda ibn Tibbon iliyoanza mwaka 1161. Kila nikiusoma mlango huo, faradhi, tawakali, riziki, nasikia maneno ya nyumbani.

Bahya anasema kiini cha tawakali ni utulivu wa nafsi ya mwenye kutawakali. Utulivu huo Zaburi ya 131 inaupa sura: nafsi iliyonyamaa kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kifuani pa mama yake. Kwa miaka nilidhani ni mtoto anayenyonya, hadi mpwa wangu alipomwachisha mwanawe. Alijipaka shubiri. Wiki nzima mtoto alivuta khanga, akalia, akageuza uso kwa hasira. Baada ya mwezi nikamkuta amepakatwa kwa mama yuleyule, kichwa kimelala kifuani, mikono imelegea, hadai chochote. Kabla ya hapo alimtaka mama kwa ajili ya maziwa. Sasa alimtaka mama tu. Neno la Kiebrania la zaburi hiyo, gamul, ni huyo wa pili.

Ndiyo maana nasimama upande wa rabi Avraham Yeshaya Karelitz (1878–1953), aliyejulikana kama Hazon Ish. Yeye aliandika kwamba ni kosa kudhani bitahoni ni kuwa na hakika mambo yataisha vizuri, kwani asiye nabii haijui kesho. Bitahoni ni kujua kwamba hakuna linalotokea ovyo, kila jambo liko mikononi mwa Mungu. Si wote wanaokubaliana naye. Katika Habad, moja ya jumuiya za Wayahudi wa Kihasidi, wafuasi wa njia ya kiroho ya ibada ya furaha, kuna usemi unaopendwa sana: fikiri mema, yatakuwa mema. Nauheshimu, umewainua wengi. Lakini mama yangu alipokuwa anasubiri upasuaji, sikuweza kujiahidi kwamba atapona. Niliweza kusema tu kwamba hayuko peke yake, na hilo liliniwezesha kulala.

Wala kutawakali si kukunja mikono. Bahya anataka mgonjwa anywe dawa na mkulima alime. Ila moyo usiiegemee dawa wala jembe. Kazi ni ya mikono, egemeo ni la moyo.

Moyo hauzoei hilo kwa siku moja. Katika Kutoka 16 Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku moja moja, na waliyoibakiza hadi asubuhi ilioza ikaingia funza. Katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, risala ya Yoma, wanafunzi wanamuuliza Rabi Shimon bar Yohai: kwa nini haikushuka mara moja kwa mwaka? Akawapigia mfano wa mfalme aliyempa mwanawe posho ya mwaka mzima, na mwana akawa anakuja kumwona baba mara moja tu kwa mwaka. Mfalme akaigawa posho siku kwa siku, na mwana akawa anakuja kila siku. Mfano huu naupenda kuliko hoja zote za wanafalsafa, kwa sababu unaigeuza njaa ya kesho kuwa njia ya kwenda nyumbani kwa baba.

Ijumaa tu ndipo waliokota mara mbili, na ya Sabato haikuoza. Mpaka leo, Ijumaa jioni, meza ya Kiyahudi huwekwa mikate miwili mizima, kitambaa chini na kitambaa juu, kama mana ilivyolala katikati ya umande.