"Nakatwa kila mwezi, basi mi ni mwanachama" na dhana nyingine kuhusu chama cha wafanyakazi

Ukikaa dawati la huduma kwa wanachama kwenye chama cha watumishi wa umma utashangaa, malalamiko mengi hayahusu mgomo wala nyongeza ya mshahara, ni makaratasi tu. Huyu kafiwa hajui aanzie wapi, yule kahamishwa jina halionekani, mwingine kajitoa bado anakatwa na sasa anaita chama wezi. Na ukichimba kidogo karibu kila mara unakuta shida imeanzia palepale, watu wanadhani mfumo wa mishahara wa mwajiri na rejista ya chama ni kitu kimoja. Ni vitu viwili jamani, vinaendeshwa na watu tofauti na havipeani habari vyenyewe.

Dhana: Naona makato ya chama kwenye slipu ya mshahara, kwa hiyo mi ni mwanachama.

Si lazima. Kuna nchi sheria inaruhusu hata asiye mwanachama akatwe, inaitwa ada ya uwakala, hoja ikiwa kwamba chama kikijadiliana na mwajiri makubaliano yanamnufaisha na yeye. Tanzania ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Kenya ipo kwenye sheria yao ya mahusiano ya kazi ya 2007. Marekani majimbo kadhaa yalikuwa nayo kwa watumishi wa umma mpaka 2018, Mahakama ya Juu ikasema kumkata mtumishi wa umma asiye mwanachama bila ridhaa yake ni kinyume cha katiba. Sasa wa ada ya uwakala hapigi kura, hagombei uongozi, na akifiwa asitegemee mafao ya ndani ya chama, wakati kiasi anachokatwa kinaweza kuwa sawasawa na cha mwanachama aliye dawati la pili. Kinachokufanya mwanachama ni fomu uliyojaza ukasaini na chama kikaipokea. Kwa hiyo slipu usiishie kuangalia kiasi, soma na jina la kato, halafu uliza tawini kwako fomu yako ipo au haipo.

Dhana: Chama kina taarifa zangu zote, si wananikata?

Hii ndo inaumiza watu kuliko zote. Mwisho wa mwezi mwajiri anatuma hela kwa mkupuo pamoja na orodha, na hiyo orodha kwa kawaida ina namba ya utumishi, jina, kituo cha kazi na kiasi. Basi. Hakuna simu, hakuna mwenza, hakuna watoto. Karani wa chama anakaa anaoanisha mstari kwa mstari na fomu alizonazo, na hapo ndo mambo yanaanza, mmoja fomu ina majina mawili mshahara una matatu, mwingine kaolewa kabadilisha jina la mwisho, wawili wanafanana majina yote mpaka la babu na kwenye fomu ya mmoja kuna tarakimu hujui ni 1 au 7. Akishindwa kuoanisha, hela inaingia kwenye akaunti ya chama ila haisomeki kwa jina lako, na wewe hutajua mpaka siku unaenda kudai kitu wanakwambia rekodi zinaonesha ulilipa mara ya mwisho zamani sana. Ndo maana nasema tunza slipu zako hata kwa picha kwenye simu, siku hiyo ndo ushahidi pekee ulio mkononi mwako.

Dhana: Nikihamishwa, uanachama unanifuata.

Ukihama kituo ndani ya mwajiri yuleyule, makato kwa kawaida yanaendelea, ila tawi lako jipya halikujui, huitwi mkutanoni, na uchaguzi ukifika jina lako liko kule ulikotoka. Ukibadilisha mwajiri kabisa, mfano kutoka wizarani kwenda halmashauri au taasisi inayojitegemea, hapo unaingia mfumo mwingine wa mishahara na makato yanaweza kukatika kimyakimya, au ukajikuta unakatwa na chama ambacho hukukiomba. Barua ya uhamisho ukishapewa peleka nakala chamani, usisubiri utumishi wakufanyie, hawana wajibu huo.

Dhana: Likizo bila malipo haihusiani na chama.

Inahusiana sana. Hakuna mshahara, hakuna makato, na katiba za vyama vingi zinasema ukipitisha muda fulani bila kulipa ada unapoteza sifa. Anayekwenda masomoni bila mshahara, aliyesimamishwa kazi bila malipo, aliyeazimwa taasisi nyingine, wote hawa waandikie chama mapema waulize kama wanaweza kulipa wenyewe moja kwa moja au kuwekwa kwenye daraja la ada ndogo. Vyama vingi vina utaratibu huo, ila hauanzi wenyewe, na huyo aliyesimamishwa kazi ndo anakihitaji chama kuliko wakati mwingine wowote.

Dhana: Nikipeleka barua ya kujitoa, mwezi huu huu makato yanakoma.

Hapana, kuna notisi. Tanzania sheria inataka notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Afrika Kusini sheria yao ya 1995 inasema mwezi mmoja kwa wafanyakazi wengine, ila ukiwa utumishi wa umma ni miezi 3. Juu ya hapo mishahara ina tarehe ya kufunga, barua ikifika baada ya tarehe hiyo unangoja mzunguko mwingine. Kosa la wengi ni kupeleka barua kwa katibu wa tawi peke yake halafu kutulia. Katibu hana kitufe cha kusimamisha makato, anayekata ni mwajiri. Andika nakala mbili, moja utumishi moja chamani, na yako ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana ukija kudai urudishiwe swali la kwanza utakaloulizwa ni hilo.

Dhana: Nikipata kesi kazini chama kinanilipia wakili.

Chama kinakuwakilisha, na mara nyingi anayekuja ni kiongozi wa tawi au afisa wa kanda, siyo wakili. Wakili analipiwa baada ya kesi kupimwa kama ina mashiko, na ukishamwajiri wa kwako kwanza ndo ulete bili, vyama vingi havirudishi. Vilevile jambo lililotokea kabla hujajiunga linaweza kukataliwa, watu wanajiunga wiki waliyopewa barua ya tuhuma wakidhani wamekata bima. Lakini kubwa zaidi ni muda. Kumpigia katibu simu hakusimamishi saa ya sheria. Afrika Kusini shauri la kufukuzwa kazi una siku 30 tu kulifikisha kwenye baraza la majadiliano la sekta yako au tume ya usuluhishi, na siku zinahesabika hata kama katibu kasafiri. Barua ya mwajiri ikija piga picha, itume siku hiyohiyo, andika tarehe uliyoipokea, na ukikaa siku chache bila jibu panda ngazi ya juu.

Dhana: Katibu wa tawi analipwa kutuhudumia sisi.

Mara nyingi halipwi. Ni mwalimu, nesi au mhasibu kama wewe, ana kazi zake. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 151 wa 1978 unaohusu watumishi wa umma unataka wawakilishi wapewe nafasi ya kufanya kazi za chama hata ndani ya saa za kazi, ila nafasi hiyo isivuruge huduma, kwa hiyo kwa vitendo anakujibu meseji usiku. Ukitaka kujua wanaolipwa, hao wako ofisi za makao makuu na kanda, na una haki ya kuwasumbua.

Dhana: Mtumishi wa serikali kuwa na chama ni utovu wa nidhamu.

Fupi tu: Mkataba wa ILO namba 87 wa 1948 unampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama anachotaka, waliotajwa kwamba sheria ya nchi ndiyo itaamua ni majeshi na polisi.

Dhana: Mrithi niliyemwandika mfuko wa pensheni ndo huyohuyo chamani.

La hasha. Fomu ya chama ina sehemu yake ya mnufaika, na kama uliijaza ukiwa hujaoa huenda bado pameandikwa mama yako ambaye naye ameshatangulia. Chama hakiwezi kukisia, kitaomba nyaraka za mirathi na familia itazunguka miezi kwa hela ya jeneza ambalo lilishanunuliwa kwa mkopo. Kubadilisha ni fomu moja na sahihi. Na ukiwa hapo waambie wakuoneshe wanachokiona kwenye skrini: jina, namba ya utumishi, simu, tawi, mnufaika.